Uzi: Tresi ya ideali kwenye ringi zenye vigawo vya sifuri, na pale I·I⁻¹ inapokudanganya

Mzani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Kuna kosa linajirudia kila mtu anapohama kutoka ringi zisizo na vigawo vya sifuri kwenda zile zilizo navyo. Anabeba fomula "tresi ya I ni I·I⁻¹" kama ilivyo, anakokotoa, jibu linatoka safi kabisa, na si sahihi.

Tukubaliane maneno kwanza. Ringi zote humu ni komutativu na zina 1. Ukiwa na moduli M juu ya R, chukua kila homomofizimu f: M → R (nitaiita mshale, tuokoe wino), kusanya picha zote f(M), zijumlishe. Ideali inayopatikana ndiyo tresi, tr(M). I ni ideali ya tresi ikiwa ni tresi ya moduli yoyote ile, na hapo lazima I = tr(I), kwa sababu ukiunga mshale M → I na mshale I → R unapata mshale mwingine wa M, ambao picha yake tayari imo ndani ya I. Kwa hiyo kipimo ni kimoja: kila mshale unaotoka I kwenda R unaishia ndani ya I yenyewe.

I⁻¹ nayo ni seti ya q zote ndani ya T(R) ambazo qI ⊆ R. T(R) ni ringi ya sehemu ambazo asili yake si kigawo cha sifuri. Elementi isiyo kigawo cha sifuri nitaiita regula.

Mfano wa namba tupu. R ni jozi (a, m), a namba kamili, m ndani ya Z/2. Kujumlisha ni kwa kawaida, kuzidisha ni (a, m)(b, n) = (ab, an + bm). Chukua I = ideali inayozalishwa na (2, 0). Kwa kuwa 2 inaua kila kitu ndani ya Z/2, I ni jozi (2b, 0) tu.

Kwa fomula: elementi regula za R ni (a, m) ambazo a ni witiri. Basi q ndani ya T(R) ina sura (b/s, n), s witiri. Ili q(2, 0) = (2b/s, 0) iwe ndani ya R, b/s lazima iwe namba kamili. Hivyo I⁻¹ = R, na I·I⁻¹ = I. Mtu anaandika "I ni ideali ya tresi" na kufunga daftari.

Sasa kwa fasili. Mshale f wa I unaamuliwa na f(2, 0) = c peke yake. Masharti: chochote kinachoua (2, 0) lazima kiue c. Vinavyoua (2, 0) ni (0, 0) na (0, 1). Vinavyouawa na (0, 1) ni (b, n) zote ambazo b ni shufwa. Kwa hiyo f(2, 0) = (0, 1) ni mshale halali! Na (0, 1) haimo ndani ya I. Tresi halisi ni jozi zote (shufwa, chochote), kubwa kuliko I.

Hakuna q yoyote ndani ya T(R) inayoipeleka (2, 0) kwenye (0, 1). Huo mshale si kuzidisha kwa sehemu, na fomula inaona mishale ya kuzidisha tu.

---

Jozi_ab

Safi mkuu. Niongezee kanuni iliyojificha humo, maana inafaa kukaririwa. Andika Ann(a) kwa seti ya vitu vyote vinavyoizidisha a ikawa sifuri. Basi kwa ideali yenye kizalishi kimoja:

tr(aR) = Ann(Ann(a))

Ni hoja ile ile: f(a) inaweza kuwa c yoyote inayouawa na Ann(a), bila sharti lingine. Ikiwa a ni regula, Ann(a) = 0, na Ann(0) = R, tresi ni ringi nzima, kama fomula ya zamani isemavyo. Hakuna ugomvi upande huo.

Jaribuni k[[x, y]]/(xy), k ikiwa fildi: mistari miwili inayokatana. Ann(x²) = (y), Ann(y) = (x). Hivyo tr((x²)) = (x), na tr((x)) = (x) pia. Haishangazi: (x) na (x²) zote ni isomofiki na R/(y), na tresi haijui jina la ideali, inajua umbo lake tu. Ideali mbili tofauti zenye umbo moja haziwezi zote kuwa ideali za tresi.

Na papo hapo mmeona kwamba zao la ideali za tresi si lazima liwe ideali ya tresi: (x) ni ya tresi, (x)(x) siyo. Jumla haina shida, kwa sababu tr(M) + tr(N) = tr(M ⊕ N).

---

Ubaomweusi

Kwa hiyo tufute I·I⁻¹ tuweke Ann(Ann(I)) kila mahali? Mbona rahisi.

---

Jozi_ab

Hapana ndugu, utaanguka shimo la pili. Kwa I yenye vizalishi zaidi ya kimoja, Ann(Ann(I)) ni dari tu: tr(I) iko ndani yake, haifiki lazima. Kwenye mistari ile miwili chukua m = (x, y). Ann(m) = 0, kwa hiyo Ann(Ann(m)) = R. Lakini tr(m) = m. Hapa x + y ni regula, kwa hiyo fomula ya zamani inaruhusiwa: T(R) = k((x)) × k((y)), m⁻¹ = k[[x]] × k[[y]], na m·m⁻¹ = m.

Dari nyingine ni jumla ya tresi za kila kizalishi. Nayo inaweza kuwa mbali: kwenye k[[x, y]] yenyewe, tr((x)) + tr((y)) = R, ilhali tr((x, y)) = (x, y).

Sababu ni moja. Vizalishi viwili vina mahusiano kati yao, na mshale lazima uyaheshimu. Ann ya kila kimoja haiyaoni hayo mahusiano.

---

Safu_Wima

Basi niweke njia inayofanya kazi kwa moduli yoyote yenye vizalishi vyenye kikomo, iwe ideali au isiwe.

Andika vizalishi g₁, …, gₙ. Tafuta vizalishi vya mahusiano yote a₁g₁ + … + aₙgₙ = 0. Kila uhusiano uwe safu wima ya matriksi A. Mshale ni safu mlalo v = (v₁, …, vₙ) yenye vA = 0, ambapo vᵢ = f(gᵢ). Tafuta vizalishi vya safu hizo mlalo. Kusanya maingizo yote ya hizo safu: ideali inayozalishwa na maingizo hayo ndiyo tresi.

Mfano kwa mkono, kwenye R = k[[x, y]]/(x², xy), yaani dada wa jozi za Mzani (y imechukua nafasi ya 2, x nafasi ya (0, 1)). Chukua m = (x, y). Mahusiano ya x na y: safu (x, 0), (y, 0) na (0, x). Masharti: v₁x = 0, v₁y = 0, v₂x = 0. Kwa hiyo v₁ iko ndani ya Ann(m) = (x), na v₂ iko ndani ya Ann(x) = (x, y). Maingizo: x, x, y. tr(m) = m.

Kosa ninaloliona zaidi ni kwenye mahusiano: watu wanaandika (y, −x), ule uhusiano wa kawaida unaopatikana kila mahali, wanasahau yale yanayotokana na vigawo vya sifuri. Hapa (y, −x) si batili, na kwa bahati unatoa jibu lile lile, ila kwingine peke yake ni maskini: ukibaki nao unaweza kupata masharti machache, mishale ya uongo, na tresi iliyovimba. Ukiona tresi imetoka R nzima kwenye ringi lokali (yenye ideali moja tu ya juu kabisa), simama. Hiyo hutokea tu ikiwa I nzima inazalishwa na kizalishi kimoja tu, nacho ni regula. Kama hicho hakipo, umepoteza safu wima mahali fulani.

Kwa mashine, Macaulay2 mistari minne inatosha:

R = QQ[x,y]/ideal(x^2,x*y)
I = ideal(y)
A = presentation module I
trim ideal syz transpose A

Jibu ni ideali (x, y). Angalieni neno "module" mstari wa tatu. Ukiweka R^1/I badala yake unapata tresi ya R/I, ambayo ni Ann(I), hapa (x). Programu haitalalamika, itakupa tu jibu la swali ambalo hukuuliza.

Wasiwasi wa kwamba hapa ni polinomia na mfano ulikuwa wa mfululizo wa nguvu usiwasumbue. Kwa moduli yenye vizalishi na mahusiano yenye kikomo, tresi inakwenda sawia na lokalaizesheni na ukamilishaji. Sharti hilo la kikomo lisipuuzwe: juu ya Z, tr(Q) = 0, lakini ukifanya lokalaizesheni kwenye 0 moduli Q inakuwa ringi yenyewe na tresi inaruka kuwa Q nzima.

---

Nusu_Kipeo

Wakuu, na moduli isiyo ideali kabisa? Kwenye mambo ya pete... samahani, ringi za Gorenstein (zile ambazo moduli kanonikali ω ina umbo la R yenyewe), watu hutumia tresi ya ω, na mara nyingi wanaanza na "chukua ω kama ideali".

---

Safu_Wima

Hiyo sentensi ndiyo inayohitaji kuangaliwa. ω inakubali kuwa ideali pale ringi inapokuwa ya Gorenstein kwenye kila ideali tasa (prime) ya chini kabisa. Ringi yenye nilpotenti nyingi (elementi ambazo nguvu yake fulani ni sifuri) inaweza kukataa.

Chukua R = k[x, y]/(x, y)². Vipimo vyake juu ya k ni 3: 1, x, y. ω ni duali yake (fanksheni zote za mstari kutoka R kwenda k), nayo ina vipimo 3. Ideali ya vipimo 3 ndani ya R ni R yenyewe, na R ina sokli (vitu vinavyouawa na x na y vyote) ya vipimo 2 ilhali sokli ya ω ni kipimo 1. Kwa hiyo ω haiingii kama ideali, na I·I⁻¹ haina hata pa kuanzia.

Matriksi haijali. ω ina vizalishi u, v, na mahusiano yu = 0, xv = 0, xu − yv = 0. Tafuta (c₁, c₂): yc₁ = 0, xc₂ = 0, xc₁ = yc₂. Sharti la kwanza linalazimisha c₁ iwe ndani ya m, la pili c₂ vilevile, na la tatu linatimia lenyewe kwa kuwa m² = 0. Maingizo yote ya m yanapatikana: tr(ω) = m. Kwa istilahi ya Herzog, Hibi na Stamate ringi hii ni "karibu Gorenstein", maana tr(ω) imebeba m nzima.

---

Mzani

Kwenye ringi hiyo hiyo, hesabuni ideali za tresi juu ya fildi ya elementi 2. Ideali zote ni 6: 0, (x), (y), (x + y), m, R. Zile tatu za katikati zenye kizalishi kimoja kila moja ni isomofiki na k, kwa hiyo zina tresi moja, sokli, yaani m. Zinabaki 3 tu: 0, m, R.

Linganisha na Z/12. Ideali 6 vilevile, na zote 6 ni za tresi, kwa kuwa Ann(Ann(a)) = aR kwa kila a.

Hapo ndipo kanuni ya Lindo na Pande inapokaa: ringi lokali ya Noether (kila ideali ina vizalishi vyenye kikomo) ni ya Artin (kila mnyororo wa ideali unaoshuka hukoma) na ya Gorenstein ikiwa, na ikiwa tu, kila ideali yake ni ya tresi. Upande mmoja: ringi hizo hujitosheleza kiasi kwamba kila mshale I → R ni kuzidisha kwa elementi ya R, na kuzidisha hakutoki nje ya I. Upande wa pili, ukishajua ni ya Artin, ni hoja ya zile ideali tatu: sokli ikiwa na vipimo 2 au zaidi, unapata ideali mbili tofauti zenye umbo la k, na zote haziwezi kuwa za tresi.

---

Ubaomweusi

Nimeelewa kosa langu, asante Jozi. Swali: tukibaki na ideali ambazo Ann(I) = 0, hapo I·I⁻¹ iko salama, siyo?

---

Jozi_ab

Kwenye ringi ya Noether, ndiyo. Ideali isiyouawa na chochote lazima iwe na elementi regula ndani yake, basi kila mshale ni kuzidisha kwa sehemu kutoka T(R).

Nje ya Noether, hapana, na mfano haupaswi kubaki hewani. A = k[x, y]. Kwa kila polinomia isiyogawanyika p (moja kwa kila ideali), chukua A/(p). M iwe jumla nyoofu ya zote. R ni jozi (a, m), a ndani ya A, m ndani ya M, kuzidisha kama kule juu kwa Mzani.

Polinomia yoyote a isiyo namba tupu inagawanyika kwa p fulani, kwa hiyo inaua 1 ya A/(p). Maana yake kila (a, m) isiyo na kinyume ni kigawo cha sifuri, na T(R) = R.

Sasa J = ideali ya (x, 0) na (y, 0). Ann(J) = 0: kinachouawa na x kinakaa kwenye A/(x) pekee, kinachouawa na y kwenye A/(y) pekee, hakuna kinachokaa kwote kuwili. Vizalishi viwili tu, Ann ni sifuri, na bado hakuna elementi regula hata moja ndani yake.

Fomula: J⁻¹ = R, J·J⁻¹ = J.

Fasili: e iwe 1 ya A/(x). Weka f(x, 0) = 0, f(y, 0) = (0, e). Angalia mahusiano: kama (a, m)(x, 0) + (b, n)(y, 0) = 0, basi ax + by = 0, hivyo x inagawanya b, hivyo be = 0. Mshale ni halali. Na (0, e) haimo ndani ya J, kwa kuwa e haimo ndani ya (x, y)M. Tresi imevuka tena.

Dawa ya tabaka hili ni sehemu za polinomia. Kwa mshale wowote, a·f(b) = b·f(a). Kwa hiyo ukiwa na vizalishi b₀, …, bₙ, tengeneza kiasi f(b₀) + f(b₁)X + … na asili b₀ + b₁X + … Kwa kanuni ya McCoy ya 1942, polinomia ni kigawo cha sifuri pale tu ambapo c moja isiyo sifuri ndani ya R inaua maingizo yake yote. Ann(J) = 0, kwa hiyo asili ni regula ndani ya R[X], na sehemu inasimama. Mshale wetu ni (0, e)X ÷ ((x, 0) + (y, 0)X). Ringi ya sehemu hizo huandikwa Q₀(R). Ukichukua J⁻¹ ndani ya Q₀(R) badala ya T(R), J·J⁻¹ inarudi kuwa tresi.

Lakini ikiwa Ann(I) ≠ 0, kama (2, 0) ya Mzani, hakuna ringi ya sehemu itakayokuokoa. Rudi kwa matriksi.

---

Nusu_Kipeo

La mwisho kwangu. Ile sifa ya tresi ya Fontana, Huckaba na Papick, 1987: kila tresi ni ringi nzima au ni ideali tasa. Wao waliiandika kwa ringi zisizo na vigawo vya sifuri. Tukiihamishia huku?

---

Mzani

Ukiihamisha neno kwa neno inakufa mlangoni: moduli 0 ina tresi 0, na ukidai 0 iwe tasa umeshafukuza vigawo vya sifuri vyote. Ukiondoa tresi 0, bado ni kali mno. tr(R/I) = Ann(I), kwa hiyo kila Ann(I) isiyo sifuri wala R ingepaswa kuwa tasa. Chukua k × k × k, ringi tulivu kuliko zote: ideali k × 0 × 0 ni ya tresi, na si tasa, maana ukigawanya kwayo inabaki k × k.

Ukilegeza ukadai radikali (kama nguvu ya a imo, a nayo imo) badala ya tasa, k × k × k inapita, lakini Z/12 inashindwa: (4) ni ya tresi, na radikali yake ni (2).

Njia ya tatu ni kudai sharti kwa tresi za ideali zenye elementi regula tu. Hapo Z/12 inapita bila jasho, kwa sababu ideali pekee yenye elementi regula ni ringi nzima. Kwa maoni yangu hiyo ni sifa inayosema machache sana kuhusu ringi ambazo T(R) = R, na mfano wa Jozi wa J unapita hapo bila hata kuguswa. Mimi ningechukua ya kati: ideali zenye vizalishi vyenye kikomo na Ann sifuri, sehemu zitoke Q₀(R).

---

Safu_Wima

Naunga mkono ya kati, kwa sharti moja: anayeandika aseme waziwazi I⁻¹ yake iko ndani ya ringi gani. Kwa J ile ile, T(R) inasema J, Q₀(R) inaongeza (0, e), na kwa ulinganifu (0, e′) ya A/(y). Alama ni ile ile, majibu mawili.